Vijiko Viwili vya Chokaa

Jumapili, 9 Machi. Mvua: milimita 4.
Masika yameanza kwa kusuasua. Nimerudisha kipimamvua changu nyuma ya banda, mbali na matone ya paa, na nimefungua daftari jipya. Miaka thelathini na mmoja nilisoma mvua kwenye kituo cha hali ya hewa, kila siku saa tatu kamili asubuhi, niwe na homa, niwe na msiba. Kustaafu hakujanitoa ugonjwa huo. Sasa nafuga kuku wa mayai, mia mbili na kumi, na nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na mkamwana wangu. Mke wangu ametangulia mwaka wa nne huu. Mwanangu wa pekee anaendesha malori ya masafa marefu. Huja kila baada ya miezi miwili, akalala siku nne tano, akaondoka.

Wa tatu ni Ghasia, mbwa wangu. Leo nimempapasa tumbo nikahakikisha: ana mimba. Alipandwa tarehe tano Februari, niliandika. Siku sitini na tatu zinaangukia tarehe tisa Aprili. Nilipomwambia mkamwana akasema, "Hongera, Baba," akiwa amesimama hatua sita nyuma. Anamwogopa Ghasia tangu siku ya kwanza alipoingia nyumba hii. Eti aling'atwa alipokuwa mdogo. Nani hajang'atwa?

Jumatatu, 10 Machi. Mvua: 0.
Nimeanza kumpa Ghasia chokaa. Kuku anayetaga huchanganyiwa chokaa kwenye chakula, vinginevyo mayai hutoka na ganda laini, ukilishika limekupasukia. Sasa huyu anayejenga mifupa ya watoto sita saba tumboni, atajengea nini? Vijiko viwili vya mezani kila asubuhi, vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Mimi ni mtu wa vipimo.

Mkamwana alikuwa anapanga mayai kwenye trei. Akauliza, "Baba, hiyo si ya kuku?" Nikamjibu mfupa ni mfupa. Akarudi kwenye trei zake. Nilitaka aulize tena nimpe somo zima, lakini yule mtoto wa watu haulizi mara mbili. Ndiyo tabia yake inayonikera: ukimjibu, ananyamaza, halafu hujui amekubali au amekudharau.

Jumatano, 12 Machi. Mvua: 17.
Ghasia anakula vizuri.

Ijumaa, 14 Machi. Mvua: 9.
Mama Trei amekuja kuchukua mayai. Huja Jumanne na Ijumaa, na kila akija huacha habari nyingi kuliko mayai anayobeba. Leo nimejua nani kaachwa, nani kahamishwa kazi, na nani mguu wake umevimba. Nilimwonyesha tumbo la Ghasia. Akasema, "Mzee, unamtunza mbwa kuliko watu wanavyotunza wake zao." Mkamwana alikuwa karibu, akainamisha uso.

Jumatatu, 17 Machi. Mvua: 22.
Panya wamevamia stoo ya chakula. Wametoboa magunia mawili. Nimemwambia mkamwana akipita madukani anunue sumu.

Jumanne, 18 Machi. Mvua: 31.
Mvua imetupiga kweli kweli. Banda linavuja upande wa kushoto. Sumu imenunuliwa, imewekwa kwenye pembe za stoo, mlango umefungwa. Ghasia haingii huko.

Jumapili, 23 Machi. Mvua: 6.
Mwanangu amepiga simu. Ameongea na mimi dakika mbili na mkewe dakika arobaini. Sisemi kitu. Zamani hizo dakika arobaini zilikuwa zangu.

Alhamisi, 27 Machi. Mvua: 14.
Tumbo la Ghasia limeshuka. Ukiweka kiganja unasikia watoto wakicheza. Nimekaa naye kwenye kibaraza karibu saa nzima bila kufanya lolote. Tangu mama watoto aondoke, sijakaa na kiumbe chochote saa nzima hivyo. Naandika haya kwa kuwa hakuna atakayeyasoma.

Jumatatu, 31 Machi. Mvua: 11.
Mkamwana kaja kunigongea saa kumi na mbili asubuhi. "Baba, Ghasia anahema sana. Halafu leo hakunibwekea." Nikatoka. Kweli anahema, ulimi nje, anazunguka zunguka, analala, anainuka. Nikamwambia mjamzito yeyote huhema. Akasema, "Labda tumwite daktari wa mifugo." Nikamwambia yule kijana aliyeanza udaktari juzi tu, ambaye mwaka jana alinisema mbele ya watu kwamba chanjo yangu ya kuku imeharibika kwa kuwekwa dirishani, hatakanyaga hapa maadamu mimi nipo hai.

Jumatano, 2 Aprili. Mvua: 19.
Ghasia anatetemeka midomo, kama mtu anayetaka kulia. Akitembea miguu ya nyuma inakaza. Ni upungufu wa nguvu, mifupa ya watoto inamnyonya. Nimeongeza kijiko cha tatu.

Alhamisi, 3 Aprili. Mvua: 25.
Hajambo kidogo. Vijiko vitatu.

Ijumaa, 4 Aprili. Mvua: sikusoma.
Ni mara ya kwanza katika maisha yangu. Saa tatu ilipita na mimi sikuiona. Ngoja niandike tangu mwanzo, na niandike kama ilivyotokea, hata pale ninapotamani kuruka.

Niliamka nikamkuta Ghasia amelala ubavu, miguu minne imenyooka mikavu kama vigingi, mwili mzima unatetemeka, macho yamekodoka, povu mdomoni. Nilimgusa, moto. Nikamwita kwa jina, sikio halikucheza. Nikageuka kutafuta maji, nikamwona mkamwana kwenye bomba la uani. Amemwaga chakula cha Ghasia kando ya uzio, na anasugua bakuli lake kwa majivu.

Huyu anayemwogopa mbwa. Huyu ambaye hajapata kushika bakuli hilo tangu aolewe.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

Akashtuka. "Nimekimwaga, Baba. Nimeona asile tena."

"Asile tena nini?"

Akatazama nyuma yangu. Mama Trei alikuwa ameshaingia uani na trei tupu kichwani, na nyuma yake majirani wawili waliokuja kununua mayai ya rejareja. Wote wametoa macho. Mkamwana akafunga mdomo. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Baba, mwite daktari. Tafadhali."

Damu ikanipanda. Nilisema maneno ambayo nikiyaandika mkono unakuwa mzito, lakini nitayaandika. Nilisema, "Umemtilia mbwa wangu sumu! Unaosha bakuli ili ushahidi upotee!" Mama Trei akashika mdomo. Mimi nikazidi. Nikauliza ile sumu ya panya iko wapi. Mama Trei, ambaye hakutumwa na mtu, akaingia stoo akatoka na pakiti, ikiwa wazi, imebaki nusu. Akaiinua juu kila mtu aione.

Mkamwana akasema, "Nimewawekea panya, Baba. Wewe mwenyewe ulinituma."

"Mimi nilikutuma umpe mbwa?"

Sumu ya panya nilimtuma mimi. Ipo hapo juu, tarehe kumi na saba, kwa mwandiko wangu. Lakini pale uani sikuona daftari, niliona pakiti tu.

Halafu nikatoa simu, mbele yao wote, nikampigia mwanangu. Nikamwambia, "Mkeo amemwekea Ghasia sumu. Leo mbwa, kesho chai yangu." Nikakata kabla hajajibu. Na nakiri, wakati huo nilijisikia vizuri. Nilijisikia mtu ambaye hatimaye amepata jibu la swali alilokuwa nalo miaka mingi: ule ukimya wake ni adabu au ni chuki.

Mkamwana hakulia. Aliweka bakuli juu ya jiwe, akaingia ndani, akatoka na begi lake na kanga kichwani. Mvua ilikuwa inamwagika. Akapita mbele yangu, akapiga goti kidogo, akasema, "Baba, kwaheri." Sikuitikia. Majirani wakampisha njia upana wa mtu mzima, kana kwamba ana kitu cha kuambukiza.

Nilibaki nimekaa na Ghasia kibarazani. Nilimpa maziwa, wanasema hukata sumu. Hakuweza kumeza. Nikawa namfuta povu na kumwambia vumilia.

Saa saba mchana pikipiki ikaingia. Daktari wa mifugo, ndani ya koti la mvua.

"Nani kakuita?" nikamuuliza.

"Mkamwana wako, mzee. Alinipitia amelowa chapachapa, begi mkononi." Alikuwa tayari amepiga magoti, anamsikiliza Ghasia moyo. "Amesema mbwa amekakamaa, anatetemeka, bado siku chache azae. Na kwamba tangu mwezi uliopita anakula chokaa ya kuku."

"Ndiyo. Vijiko viwili. Vilivyosawazishwa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Juzi niliongeza cha tatu."

Akanyanyua uso akanitazama. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akafungua mkoba, akatoa sindano na chupa, akaanza kumpitishia dawa kwenye mshipa polepole, mkono mmoja kwenye sindano, mwingine kifuani pa mbwa. Akiwa hivyo akanieleza. Mwili wa mama una akiba ya chokaa kwenye mifupa. Damu ikipungukiwa, unajichotea. Sasa ukimmiminia kila asubuhi, mwili unaacha kujichotea, unasahau kazi yake. Siku watoto wanapohitaji ghafla na maziwa yanaanza kutengenezwa, haujui tena pa kuanzia. Damu inakauka chokaa, misuli inakaza. Kwa ng'ombe, alisema, wafugaji huiita homa ya maziwa.

"Kwa hiyo nimempa chokaa mpaka akakosa chokaa."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na hapo unampa nini?"

"Chokaa," akasema. "Lakini kwenye damu, na kwa kipimo."

Kwa kipimo! Ananiambia mimi. Nikamuuliza kama haiwezekani ikawa sumu. Nilimuuliza mara tatu, kwa namna tatu tofauti. Mara ya tatu akanionyesha mbwa kwa kidevu, na kabla chupa haijaisha Ghasia akalegea miguu, mmoja mmoja. Mtetemeko ukakoma. Akainua kichwa, akakiweka kwenye paja langu.

Daktari alipokuwa anafunga mkoba nikamuuliza, "Alisema nini kingine?"

"Mkamwana wako? Alisema nikueleze taratibu. Eti una presha."

Ningefurahi kama ardhi ingepasuka pale pale. Alijua. Pale uani alijua ni chokaa yangu, na angeweza kusema neno moja tu mbele ya Mama Trei na majirani, mimi ndiye ningeaibika. Akaona ni heri aitwe muuaji kuliko baba mkwe wake achekwe kwenye ua wake mwenyewe. Halafu akaenda kwa miguu kwenye mvua kumwitia daktari mbwa anayemwogopa.

Simu yake haipatikani. Ya mwanangu inaita tu.

Jumamosi, 5 Aprili. Mvua: 28.
Ghasia kasimama. Kala uji mtupu. Nimemwaga gunia la chokaa shimoni, kisha nikakumbuka kuku, nikalichota tena. Mjinga hana mapumziko.

Jumatatu, 7 Aprili. Mvua: 33.
Uchungu ulimwanza alfajiri. Misuli yake haina nguvu, anasukuma, anachoka, anasinzia. Nilimwita daktari mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nikamwita "daktari." Amefanya kazi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Watoto saba. Wa kwanza amekufa. Wa pili amekufa. Wa tatu akalia, nami nikalia naye kama mtoto, sioni haya. Mwishowe waliokufa wanne, walio hai watatu.

Daktari amekataza wasinyonye mama yao, la sivyo ile hali itarudi. Kwa hiyo nimewaweka kwenye kasha la trei, nawanyonyesha kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili. Ghasia anasikia vilio vyao nyuma ya mlango, anakwaruza, ananitazama. Amezaa halafu ananyimwa watoto wake, kwa sababu ya kijiko. Nimewazika wale wanne nyuma ya banda. Nilikuwa nimewapangia majina.

Jumanne, 8 Aprili. Mvua: 12.
Mama Trei kaja. Nikamweleza yote: chokaa, daktari, homa ya maziwa. Akanisikiliza kichwa upande. Kisha akasema, "Bahati yako, mzee, alitia kidogo."

"Hakutia! Nakwambia ni mimi!"

"Nimekusikia," akasema, akanipigapiga mkono. "Nimekusikia, mzee wangu."

Jumatano, 9 Aprili. Mvua: 3.
Mtoto mmoja amekufa. Wamebaki wawili.

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua: 0.
Nimekwenda kwa shangazi wa mkamwana, alikohamia, mtaa wa pili. Nilivaa koti. Mkamwana alinipokea koti, akanipa kiti chenye mto, akaniletea maji kwenye bilauri iliyofunikwa na kisahani. "Shikamoo, Baba. Ghasia anaendeleaje?" Sauti ile ile. Hakuna hata mahali pa kushika ugomvi.

Nikasema, "Nimekosa, mwanangu." Sijui kama nimewahi kulitamka neno hilo kwa mtu. Lilitoka kama jino.

"Yameisha, Baba."

"Basi chukua mzigo twende nyumbani."

Akatazama mikono yake. "Mume wangu amenikataza nisikanyage pale. Amesema mpaka aje mwenyewe. Na akija..." Hakumaliza. Shangazi yake, mwanamke wa maneno machache na macho makali, akamalizia: "Akija anataka kumwacha. Amesema hawezi kulala nyumba moja na mtu wa sumu."

Nikamwambia nitamweleza mwanangu. Si mtu aliyezaliwa na mimi? Atanielewa.

Jumapili, 13 Aprili. Mvua: 0.
Nimempata mwanangu, yupo mpakani anasubiri foleni ya malori. Nimemweleza neno kwa neno. Akasema:

"Baba, tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukisema umekosea. Siku ulipomgonga yule mama kwa baiskeli ulisema barabara ndiyo imepinda. Mama alikaa na wewe miaka thelathini, hakulisikia neno hilo. Leo umekosea? Kwa mbwa? Nani amekaa pembeni yako anakufundisha la kusema?"

"Hakuna mtu. Nipo peke yangu."

"Amekuja kukulilia, sivyo? Au wewe ndiye umemfuata?"

Sikujibu upesi. Nilikuwa nimemfuata.

"Nilijua," akasema. "Baba, umezeeka, moyo umelainika. Usimkingie. Nitakuja mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Nimemlea miaka thelathini na minne, na kitu pekee alichojifunza kwangu kwa uhakika ni kwamba mimi sikosei.

Jumanne, 15 Aprili. Mvua: 8.
Watoto wawili wamefumbua macho kidogo. Mama Trei amewaletea kitambaa. Amenisifu. Simtaki anisifu.

Jumanne, 22 Aprili. Mvua: 16.
Shangazi yake ametuma neno. Mkamwana aliomba kazi ya upishi kwenye jiko la hospitali. Walimwonja mapishi, wakampenda, wakamwambia aje Jumatatu na sare. Jumatatu akafika, mpishi mkuu akamrudisha mlangoni.

Nimekwenda leo leo, bila kula. Mpishi mkuu ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha sufuria. Akanipa kibao nikakaa katikati ya mivuke. Nikasema mimi ndiye baba mkwe, mimi ndiye niliyesema maneno yale, na maneno yale ni uongo. Mbwa nilimdhuru mwenyewe, kwa ujinga wangu.

Akaweka mwiko chini. Macho yakamlowa. "Mzee," akasema, "ningepata mkwe kama wewe nisingeachika. Umetoka nyumbani na mvua hii kuja kumsafishia jina mtu aliyetaka kukumaliza."

"Hakutaka kunimaliza!"

"Sawa, mzee. Lakini hapa tunapikia wagonjwa mia tatu. Lile neno likishatajwa jikoni, mimi mtu huyo siwezi kumweka. Hata kama ni uongo. Wewe ungemweka?"

Wiki tatu zilizopita nisingemweka.

Nikauliza neno amelisikia wapi. Akashangaa. "Kila mtu analijua. Leo mbwa, kesho chai yangu."

Ni maneno yangu yale yale, hakuna hata herufi iliyopungua.

Jumapili, 27 Aprili. Mvua: 5.
Mwanangu amefika jana jioni. Leo asubuhi nimemwita daktari aje aseme mbele yake. Daktari amesema vizuri, kwa utaratibu, hata mtoto wa darasa la pili angeelewa. Mwanangu akamsikiliza, akauliza swali moja.

"Daktari, hii habari ya chokaa, ulipofika hapa ulikuwa umeambiwa na nani?"

"Na mkeo. Lakini nilimuuliza na mzee, na dalili..."

"Sumu haitetemeshi?"

"Zipo zinazotetemesha. Lakini mgonjwa wa sumu asingeinuka kwa dawa niliyompa."

"Ulipima damu?"

"Mashine hiyo tutaitoa wapi?"

"Asante, daktari," akasema mwanangu. Akamsindikiza hadi kwenye pikipiki kwa adabu zote. Aliporudi akanishika mabega. Akaniambia, "Amewapanga wote, Baba. Hata daktari." Nikamsukuma. Nikamwonyesha daftari hili, tarehe kumi Machi, tarehe kumi na saba, tarehe nne. Akasoma. Ukurasa wa tarehe nne akausoma mara mbili. Nikaona uso wake unataka kubadilika.

Kisha akalifunga. "Umeandika lini haya?"

"Siku zile zile!"

"Baba, mwandiko wa siku hiyo umetulia mno kwa mtu aliyekuwa na hasira," akasema. Hakutaka ugomvi. Nadhani hakutaka pia kuwa mtu aliyemfukuza mkewe kwa simu bila sababu. Akikubali kwamba mimi nilikosea, naye amekosea. Hilo nalielewa kuliko ninavyopenda. Ni damu yangu.

Alhamisi, 1 Mei. Mvua: 2.
Mwanangu ameondoka na lori. Talaka ameshaipeleka.

Jumamosi, 3 Mei. Mvua: 0.
Mkamwana amekuja na shangazi yake kuchukua vitu vyake. Sijui habari zilifikaje, lakini uani walishajaa majirani, na Mama Trei mbele, ingawa leo si siku ya mayai. Wamekuja kuangalia.

Nikaona basi, hii ndiyo nafasi. Walisikia hapa, wasikie hapa hapa. Nikapanda kibarazani nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: huyu mtoto hana kosa. Mbwa alikuwa anakufa kwa mkono wangu. Yeye ndiye aliyemwokoa. Mimi ni mzee mwongo na nimemvunjia nyumba. Nilisema na machozi yananitoka, pua nayo, sikujali.

Kisha nikasikia Mama Trei anafuta kamasi kwa ncha ya kanga. "Mnaona watu?" akawaambia wenzake. "Mnaona moyo wa mzee huyu? Mpaka dakika ya mwisho anamfichia." Mmoja wa majirani akatikisa kichwa kwa uchungu. Mwingine akamtazama mkamwana kwa jicho ambalo sitalisahau. Kila neno nililosema lilikuwa limetua juu ya kichwa chake, sio changu.

Yeye alikuwa amebeba beseni lenye vyombo. Akasogea mpaka ngazi ya kibaraza, Ghasia akainuka akamnusa kanga, naye hakurudi nyuma. Akanena polepole, mimi tu nisikie.

"Baba, nina ombi moja."

"Sema, mwanangu. Lolote."

"Usinitetee tena. Kila ukinitetea, wewe unazidi kuwa mwema, na mimi nazidi kuwa mbaya. Naomba unyamaze."

Akapiga goti kidogo na beseni lake, kama siku ile. Safari hii niliitikia. Nilimsaidia kupakia godoro kwenye mkokoteni, nikafunga kamba mwenyewe, wakaondoka.

Jumanne, 6 Mei. Mvua: 0.
Mama Trei amekuja kuchukua mayai. Akaniuliza, "Na yule mwanamke, mzee, kweli alikuwa anataka kukuua?"

Nikanyamaza.

Akanipa pole.